Slipu ya Januari: jinsi viza ya mwenzi ilivyokataliwa kwa hesabu ya mapato, kisha ikapatikana

Barua pepe iliingia katikati ya mfungo, Machi 2025, nusu saa kabla ya magharibi. Dada yangu mdogo alikuwa jikoni kwa mama, hapa Tanga, anakaanga bajia. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma, kisha akanikabidhi simu bila kusema neno. Maombi yake ya viza ya kumfuata mumewe Uingereza yalikuwa yamekataliwa. Ndoa yao haikutiliwa shaka, mtihani wa Kiingereza alifaulu, kipimo cha kifua kikuu kilikuwa safi. Kilichoangusha maombi ni mapato.

Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kuwafungia watu vitabu vya hesabu. Usiku ule, baada ya tarawehe, niliomba nionyeshwe kila karatasi iliyopelekwa. Zilikuwa kurasa zaidi ya mia mbili. Nilipofika mwisho iliniuma mara mbili, maana fedha zilikuwepo, na ofisa aliyekataa alikuwa sahihi. Wenyewe wameniruhusu nisimulie bila majina, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi za pwani zenye mume huku na mke kule zinapita njia hii hii.

Shemeji yangu ana ukaazi wa kudumu na anaishi Leicester. Anahudumia wazee majumbani mwao: anaendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba, anawaogesha, anawapa dawa, analipwa kwa saa. Dada ana duka la kanga na vitenge Ngamiani alilolisimamisha mwenyewe, pia ana nyumba ndogo Chumbageni aliyoachiwa na marehemu baba, hati iko kwa jina lake, na amempangisha mwalimu mmoja.

Sharti lenyewe linatajika kwa pumzi moja. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayeomba viza ya mwenzi wa mtu aliyeko Uingereza lazima aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Kabla ya hapo, tangu Julai 2012, kiwango kilikuwa 18,600, na barazani kwetu bado wapo wazee wanaoitaja namba hiyo kwa uhakika kwa sababu watoto wao waliondoka nayo. Ukigawa 29,000 kwa miezi 12 unapata pauni 2,417 kasoro senti. Namba hiyo ya mwezi ndiyo niliyoiandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yangu, na sikuifuta mpaka kisa kikaisha.

Ugumu uko kwenye Kiambatisho FM-SE cha kanuni zao za uhamiaji, kinachosema mapato yathibitishwe kwa karatasi zipi na za kipindi kipi. Mapato yamegawanywa katika makundi kwa herufi. Kundi A ni la aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi. Kundi B ni la ambaye hajafikisha miezi hiyo, au ambaye mapato yake yanapanda na kushuka. C ni mapato yasiyo ya kazi, kama kodi ya nyumba. D ni akiba, E ni pensheni, F na G ni za waliojiajiri. Kila kundi ni mlango wenye ufunguo wake, na ukibisha mlango wa A ukiwa na ufunguo wa B, hutafunguliwa hata kama ndani ya mfuko una fedha za kutosha.

Maombi ya kwanza yalipelekwa Novemba 2024 kupitia wakala mmoja ambaye simtaji. Shemeji alikuwa amehama kampuni. Aliacha ya zamani mwisho wa Juni, akaanza mpya Julai, hivyo mkononi alikuwa na slipu nne za mshahara kutoka kampuni mpya: Julai hadi Oktoba. Wakala alichukua slipu hizo nne, akaongeza mbili za kampuni ya zamani ili zifike sita, akajaza kundi A. Kwa hesabu yake, kazi mpya ilikuwa inampa shemeji pauni 2,630 kwa mwezi, yaani 31,560 kwa mwaka. Aliwaambia wanazidi kiwango kwa zaidi ya pauni elfu mbili na nusu, wasiwe na wasiwasi.

Kulikuwa na makosa mawili ndani ya sentensi hiyo moja. La kwanza, miezi sita ya kundi A ni ya mwajiri mmoja. Miezi minne na miwili ya waajiri wawili haifanyi sita. Shemeji alikuwa mtu wa kundi B, na kundi B lina masharti mawili yanayokwenda pamoja: kazi ya sasa iwe inalipa kwa kiwango cha 29,000 kwa mwaka, na katika miezi 12 iliyotangulia awe amekwisha kupokea jumla ya 29,000. Niliijumlisha ile miezi 12. Kampuni ya zamani ilikuwa ikimlipa wastani wa pauni 2,150, na kwa miezi minane ni 17,200. Kampuni mpya kwa miezi minne ni 9,920. Jumla 27,120. Amepungukiwa pauni 1,880.

Kosa la pili lilijificha kwenye mstari wa tano wa slipu. Wahudumu wa majumbani hulipwa vitu viwili vinavyofanana machoni: muda wa kusafiri kati ya mzee mmoja na mwingine, na fidia ya mafuta kwa maili walizoendesha. Muda wa safari huhesabiwa kuwa mapato. Fidia ya mafuta haihesabiwi, kwa sababu kanuni zinaiona kuwa gharama aliyorudishiwa. Wakala alikuwa ameijumlisha, pauni 150 kila mwezi. Ukiitoa, 2,630 inakuwa 2,480.

Lililoniuma kuliko yote ni zile kurasa za dada. Zaidi ya sitini! Taarifa za simu za mwaka mzima zenye kila muamala wa wateja, leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi, risiti za mizigo kutoka Dar es Salaam. Alikesha siku mbili akizipanga, na ni wakala aliyemwambia zitamsaidia. Hazikuhesabiwa hata senti moja. Kwa mwombaji aliye nje ya Uingereza, mapato yake ya kazi au biashara hayaingii kwenye hesabu. Kinachotazamwa ni cha mume aliyeko kule. Ataanza kuhesabiwa akishakuwa ndani ya nchi na ruhusa ya kufanya kazi. Naielewa hoja ya walioandika kanuni hiyo, kwamba duka la Ngamiani halihamii Leicester. Hata hivyo nasema wazi kwamba ni kanuni inayomdhulumu mwanamke aliyejitegemea, kwa sababu uwezo wa kutafuta riziki husafiri na mtu. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2017 ilikubali kwamba kiwango cha mapato chenyewe ni halali, lakini ikataka kanuni zitazame zaidi maslahi ya watoto na vyanzo vingine vya fedha. Tangu Agosti mwaka huo upo mlango wa pembeni: kama kukataliwa kutaleta madhara makubwa kupita kiasi, ofisa anaweza kutazama msaada wa ndugu au kipato kinachotarajiwa. Dada na mumewe hawana mtoto, wala ugonjwa, wala mkasa wa namna hiyo. Mlango ule haukuwa wao.

Ada ya maombi, pauni 1,846, ilipotea. Tozo ya afya, pauni 3,105, ilirudishwa, maana hurudishwa mtu anapokataliwa. Walikuwa na siku 28 za kukata rufaa. Shemeji alitaka sana, kwa hasira. Nilimwambia, "Shemeji, rufaa ni ya mtu aliyehesabiwa vibaya. Wewe umehesabiwa sawasawa." Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema, "Basi tuanze upya, kaka."

Tukaanza upya kwa kutazama dirisha la miezi sita, yaani miezi sita ya mwisho kabla ya maombi. Sasa alikuwa na miezi minane kwenye kampuni mpya, kwa hiyo kundi A lilikuwa lake kihalali. Kwa anayelipwa kwa saa, unachukua mapato kabla ya makato ya miezi sita, unatafuta wastani, unazidisha kwa 12. Septemba alipata 2,455. Oktoba 2,480. Novemba 2,430. Desemba 2,410. Januari 1,690. Februari 2,445.

Januari! Ndio mwezi aliokuja nyumbani. Alikuwa na likizo ya malipo ya siku chache tu, zilizobaki akachukua bila malipo ili akae na mkewe na amwone mama aliyekuwa ametoka hospitali. Safari ile ya mapenzi ilishusha wastani hadi 2,318, na kwa mwaka ikawa 27,820. Pungufu 1,180. Dada aliposikia alishika kichwa. Mumewe kumtembelea ndiko kulikomchelewesha kumfuata.

Hapo ndipo nikaikumbuka nyumba ya Chumbageni. Tofauti na faida ya duka, kodi ya nyumba iko kundi C, na kundi C linakubali mapato ya mume, ya mke, au ya wote wawili, hata nyumba ikiwa nje ya Uingereza. Tena C inaruhusiwa kuunganishwa na A. Katika kurasa zote zile zaidi ya mia mbili, nyumba ya dada haikutajwa popote. Mwalimu hulipa kama tulivyozoea huku, kwa mkupuo wa miezi sita: 2,100,000 mwezi wa Julai na 2,100,000 mwezi wa Januari. Kwa mwaka ni milioni nne na laki mbili. Fedha za kigeni hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya maombi cha OANDA, kampuni inayochapisha viwango vya kubadilisha fedha mtandaoni. Niliweka shilingi 3,500 kwa pauni, nikapata 1,200. Ongeza kwenye 27,820, jumla 29,020.

Pauni ishirini juu ya mstari. Tulifurahi kama watoto, mpaka dada akapiga kigelegele. Mimi nilianza kuogopa dakika ileile. Shilingi ikishuka kufikia 3,600 kwa pauni siku ya kulipia maombi, kodi ile inakuwa 1,167 na tunapungukiwa pauni 13. Nikaomba taarifa ya benki ya dada ili nione hiyo kodi ikiingia.

Ya Julai ilikuwepo, milioni mbili na laki moja, jina la mwalimu kando yake. Ya Januari nikakuta 1,500,000 tu, tena imewekwa na dada mwenyewe dirishani. Nilimuuliza. Akasema mwalimu alituma kwa simu, na laki sita zilikwenda kwenye dawa za mama kabla hazijafika benki. Nani angemlaumu? Lakini kanuni inataka kodi ionekane imeingia kwenye akaunti ya mwenye nyumba katika miezi 12 kabla ya maombi, pamoja na hati ya umiliki na mkataba wa upangaji. Laki sita zilizopita mkononi hazipo. Kilichoonekana ni 3,600,000, yaani pauni 1,029. Jumla ikarudi 28,849. Na mkataba wenyewe ulikuwa karatasi ya daftari iliyosainiwa kwa mjumbe, kwa Kiswahili, bila tafsiri.

Kuna jirani aliyeshauri tukope kwa ndugu tujaze pengo kwa akiba. Wengi hudhani ukipungukiwa pauni 1,180 unaweka benki pauni 1,180. Hesabu ya kundi D haiko hivyo. Unaanza na 16,000 ambazo hazihesabiwi kabisa, ndipo juu yake unaweka pengo lako mara mbili na nusu. Kwa pengo letu ni 16,000 na 2,950, jumla 18,950, na ziwe zimekaa kwenye akaunti zenu miezi sita mfululizo. Asiye na kipato chochote akitaka kutumia akiba peke yake anahitaji 88,500. Fedha ya mkopo haikubaliki kuwa akiba. Nilimshukuru jirani, tukaachana na hilo.

Safari hii shemeji alikwenda kwa wakili wa uhamiaji mwenye kibali, kulekule Leicester. Wakili alisoma majedwali yangu, akauliza swali moja tu: "Slipu ya Januari inatoka lini kwenye dirisha?" Ukiomba Agosti, miezi sita ni Februari hadi Julai. Januari haimo. Ushauri wake ulikuwa kungoja miezi mitano, kutochukua likizo bila malipo hata siku moja, na kutoiegemea kodi ya nyumba, kwani kila karatasi unayoitia ndani ni karatasi itakayokaguliwa.

Miezi mitano kwa watu waliooana miaka mitatu na wamelala nyumba moja siku zinazohesabika. Dada alilia. Mimi ndiye niliyemsisitiza angoje, na hata leo nasimama kwenye ushauri huo. Kukataliwa mara ya pili kungewagharimu ada nyingine na pengine mwaka mwingine, na kila kukataliwa lazima kutajwe kwenye maombi yanayofuata.

Kila mwisho wa mwezi shemeji alinitumia slipu na taarifa ya benki. Nilizichapisha, nikazitandaza kwenye mkeka, slipu kushoto, benki kulia, na rula kati yake. Kiasi kilichoandikwa chini ya slipu baada ya makato lazima kiwe kilekile kilichoingia benki, mpaka senti. Februari sawa. Machi sawa. Aprili sawa. Mei, slipu inasema 2,143.60, benki inasema 1,943.60.

Nilipiga simu usiku uleule. Kumbe tarehe 14 Mei gari liliharibika, akaomba kazini pauni 200 za mbele, zikaingia peke yake. Juu ya slipu hakukuwa na neno linaloeleza. Mtu anayesoma mafaili mengi kwa siku angeona slipu isiyolingana na benki, na huo ndio mwanzo wa mashaka. Tulikizungushia duara kile kiasi cha tarehe 14, na shemeji akamwomba mwajiri akieleze kwa sentensi mbili kwenye barua yake.

Barua ya mwajiri nayo nataka niikazie. Ya kwanza ilisema tu kwamba huyu ni mfanyakazi wetu mwaminifu. Barua nzuri ya kumsifu mtu msikitini, haina kazi kwa ofisa wa viza. Kanuni inataka mambo manne: anafanya kazi hapo na analipwa kiasi gani kwa mwaka kabla ya makato, ameanza lini, amelipwa kiwango hicho tangu lini, na ajira ni ya aina gani, ya kudumu, ya muda au ya kupitia wakala wa ajira. Tuliyaandika manne kwenye karatasi, shemeji akayapeleka ofisini kwao, wakamwandikia upya kwa furaha. Kumbe hakuna aliyewahi kuwaambia kinachotakiwa.

Hesabu ya mwisho bila fidia ya mafuta ilikuwa hivi: 2,445, 2,470, 2,520, 2,500, 2,490 na 2,535. Jumla 14,960. Kwa mwaka, 29,920. Hapa hakuna OANDA, hakuna nyumba, hakuna duka. Zimezidi pauni 920.

Lilibaki suala la tarehe. Karatasi ya mwisho katika kila mfululizo isiwe imetoka zaidi ya siku 28 kabla ya siku ya maombi. Mshahara wa Julai uliingia Alhamisi tarehe 31. Barua ya mwajiri ilitoka tarehe 5 Agosti, taarifa ya benki tarehe 8. Dada alilipa ada, ambayo sasa ilikuwa imepanda hadi 1,938, tarehe 14 Agosti, kisha akapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Faili la mapato lilikuwa kurasa 31. Zile sitini za dukani zilibaki kabatini kwa mama.

Jibu lilikuja Novemba. Alipewa miaka miwili na miezi tisa. Mama alitia ubani nyumba nzima.

Nyumba ya Chumbageni sasa ina mkataba uliochapwa, na mwalimu anaweka kodi benki moja kwa moja, yote. Dada alinikabidhi hati na funguo stendi, kabla ya kupanda basi. Viza ile ikikaribia kwisha watathibitisha mapato tena, na safari hiyo kipato chake mwenyewe kitakuwa ndani ya hesabu. Amekwishapata kazi ya kushona na kurekebisha nguo. Juzi alinitumia picha ya slipu yake ya kwanza na picha ya benki, zimelazwa kando kwa kando juu ya meza, na rula kati yake.